Helmeti ya Kukua Nayo

Helmeti yangu ya kwanza kununua ikiwa mpya ilikuwa na kipawa cha kutazama nyuma bila mimi kugeuza shingo. Nikikanyaga tuta, inazunguka. Mimi naelekea mbele, kioo chake kinaelekea tulikotoka, na abiria aliyeketi nyuma yangu anajikuta ana kwa ana na dereva asiye na uso.

Lakini nisianze na tuta. Nianze na senje.

Senje ni dada ya baba. Kwetu magharibi, dada ya baba akisema jambo, watu hutafuta pa kuketi kwanza. Wetu amebaki mmoja tu, naye ana tatizo dogo katika ugomvi wake na mimi: nilipewa jina la marehemu mama yake, kwa hivyo huniita "mama". Hajawahi kuniita vingine. Hata akikasirika kiasi cha kuvua kiatu, lazima aanze na "mama", na hapo sauti inashuka kidogo kwa heshima, halafu inapanda tena na kiatu chake.

Wazazi wetu walifariki nikiwa kidato cha pili, wakifuatana kwa miezi michache. Nyuma yangu kulikuwa na mdogo wangu wa kiume, aliyekuwa darasa la tatu, na kitindamimba, msichana, aliyekuwa bado anabebwa mgongoni. Baada ya mazishi watu wazima walikaa wakatugawa: huyu aende kwa fulani, yule aende kwa fulani, mdogo aende kwa senje. Nikasema hapana, hakuna anayeondoka. Nilikuwa na miaka kumi na sita, na nilisema hivyo nikiwa nimevaa sketi ya shule, ambayo sikuivaa tena baada ya siku ile. Nimefua nguo za watu, nimepika chapati za kuuza, na miaka mitatu iliyopita nikapanda pikipiki ya kubeba abiria. Katika steji yetu ya Kariobangi, hapa Nairobi, pale tunapongojea abiria, mimi ndiye mwanamke pekee.

Wakati huo helmeti nilikuwa nayo. Ilikuja na pikipiki, ina ufa, na ndani yake kulikuwa na harufu ya mtu ambaye sikuwahi kukutana naye. Niliivaa kwenye kiwiko, kama wenzangu wengi. Nikiona polisi kwa mbali inapanda kichwani, nikimpita inarudi mahali pake. Nadhani hakukuwa na kiwiko salama kuliko changu Eastlands nzima.

Siku moja simu ikalia. Senje.

"Mama."

"Naam, senje."

"Mko wazima?"

"Tuko wazima."

"Watoto?"

"Wako sawa kabisa."

"Na kochi?"

"Kochi gani, senje?"

"Kochi ulilokuwa umebeba pale Makadara, na mwanaume ameketi juu yake kama chifu."

Ilikuwa kweli. Lilikuwa kochi la mtu mmoja, na mwenyewe alikataa kuachana nalo hata dakika moja, akasema ataliamini akiwa amelikalia. Mtu fulani wa nyumbani, aliyekuwa amekuja kortini Makadara kwa mambo yake, alituona tukipita, akaacha mambo yake akampigia senje.

"Na kichwani ulikuwa na nini?" akauliza.

"Nilikuwa na helmeti, senje."

"Kichwani?"

"Mkononi."

Nikasikia anavuta pumzi. "Mama, sikiliza. Ukianguka na hayo makochi yako, huyo mtoto atalelewa na nani? Na huyo kijana anayechezea nyaya? Jumamosi ijayo nakuja. Nikikuta mambo ni hayo hayo, narudi na mtoto. Kitanda chake nimeshatandika."

Hilo la kitanda ndilo lililoniingia. Senje hatandiki kitanda kwa utani.

Kitindamimba alikuwa amesikia yote, maana simu yangu ina sauti ya kutangazia mkutano. Sasa yuko gredi ya saba, ana rasta zinazofika mabegani na maoni kuhusu kila kitu.

"Mimi siendi," akasema. "Huko kuna yule bata mzinga."

Bata mzinga wa senje alimfukuza likizo moja hadi juu ya tangi la maji, akamzuia huko mpaka chakula cha mchana. Alilitaja hilo tu, lakini nilimwona ameacha kula. Na mimi niliyembeba mgongoni nikikanda unga wa chapati sikuweza kuwaza nyumba yetu ingesikikaje bila mtu wa kubishana nami kuhusu chumvi.

"Huendi," nikamwambia. "Leta kalamu."

Akachana karatasi ya katikati ya daftari la hesabu, akaandika: helmeti, koti la reflekta, vikinga magoti, mnyororo, kufuli, alamu. Mdogo wangu, ambaye yuko chuo cha ufundi mwaka wa kwanza na huita kila kitu "mfumo", akasema usalama wa pikipiki yenyewe tumwachie yeye. Mimi na kitindamimba tukaenda kununua vya mwili.

Duka la helmeti liko ng'ambo ya barabara, karibu na mafundi wa jua kali wanaogonga mabati. Mwenyewe ni mzee wa makamo mwenye futi ya fundi cherehani shingoni. Bidhaa zake ameziweka juu ya madebe ya rangi ambayo ameyachora macho na midomo, ili mteja aone jinsi helmeti inavyokaa kwa mtu. Madebe mengine ameyachora masharubu.

Akanizungushia futi kichwani, akasoma, akashusha helmeti moja nzuri nyeusi. "Hii hapa, madam. Saizi yako kabisa."

"Iko na kubwa?"

"Hii ndiyo saizi yako."

"Nimesikia. Iko na kubwa kuliko hii?"

Akanitazama. "Kubwa ya nini?"

"Ya kukua nayo."

Mzee akanishusha na kunipandisha kwa macho. "Madam, kichwa kilimaliza kukua zamani. Hata changu kilimaliza, na mimi nimekula vizuri."

Hapa lazima nijieleze, maana sikuwa nafanya mzaha. Kwa miaka kumi sikuwa nimenunua kitu cha saizi ya mtu. Sweta ya shule unanunua mikono ikining'inia, unaikunja, kila mwaka unakunjua kidogo. Viatu unanunua vikubwa, unasokomeza pamba mbele, na pamba inapungua mtoto anavyozidi kukua. Sketi unapinda upindo wa nguvu, mnene kama Biblia ndogo. Kitu kikimtosha mtu leo, kwangu hiyo ni hasara, maana kesho hakitamtosha. Nikiingia dukani, mkono wangu huenda wenyewe hadi saizi mbili juu, kabla sijauambia lolote. Tena niliwaza: helmeti ni moja na vichwa ni vitatu. Mdogo wangu ana kichwa cha ukoo, kitindamimba ana rasta. Iwe kubwa itutoshe sote.

"Ile," nikasema, nikionyesha ya bluu iliyokuwa juu kabisa, kwenye debe la lita ishirini.

"Ile ni ya tangazo, madam. Niliiweka watu wanione kwa mbali."

"Inauzwa?"

"Kila kitu hapa kinauzwa."

Akanivalisha. Giza likaingia kidogo. "Sasa tikisa kichwa," akasema. "Helmeti nzuri inaenda na kichwa. Isibaki nyuma."

Nikatikisa. Mimi nilimtazama yeye, helmeti ikaendelea kutazama barabara.

"Iko sawa," nikasema nikiwa ndani.

Alisema jambo hapo, refu, lakini humo ndani sikulisikia vizuri. Kitindamimba alisema nimefanana na tangi la maji lililotoroka juu ya nyumba.

Koti la reflekta nalo, lenye kung'aa taa zikilimulika, nikachukua lile la kufika magotini. Vikinga magoti ndivyo vilivyotusumbua, maana mzee alikuwa amebaki na kimoja, cha kushoto. Kitindamimba akatazama upande wa pili wa barabara, ambapo fundi wa masufuria alikuwa anagonga, akasema, "Sista, si yule anaweza kutengeneza kitu chochote cha duara?"

Fundi akapima goti langu kwa kiganja bila kusimama. "Goti lako ni sufuria ya uji wa mtu mmoja," akasema. "Unataka na mfuniko?"

"La."

"Vishikio?"

"Hapana, baba. Ni magoti."

Ajabu ni kwamba vilitoka vizuri, vinang'aa, na ukingo umekunjwa usikate. Nikitembea viligongana. Kesho yake nilipofika steji nimevaa kila kitu, wenzangu waliacha chai.

"Niaje, mwanaanga!"

"Wacha aende, ako na oda ya harusi. Si unasikia masufuria?"

"Madam, ukifika mwezini utusalimie!"

Nikawaambia kichwa ni changu na magoti ni yangu, nikawasha pikipiki. Abiria wangu wa kwanza alikuwa baba mmoja mwenye mkoba wa ofisini, wa kwenda Lucky Summer. Alinitazama mara mbili, akapanda. Tulienda vizuri sana hadi tuta la kwanza.

Nilisikia "tup", na dunia ikazima. Nikabana breki, nikashusha miguu, magoti yakalia kama ibada imeanza. Kisha sauti ya yule baba, taratibu, karibu sana na kioo changu:

"Madam. Mbona unaniangalia?"

"Sikuangalii, mzee. Ni helmeti inakuangalia."

"Na wewe uko wapi?"

"Niko mbele, natazama huko huko."

Akafikiri. "Basi geuka polepole, tuonane," akasema. Nikaizungusha kwa mikono miwili, nikamwona. Akashuka, akaniambia atamalizia kwa miguu, kwamba daktari amekuwa akimshauri. Jioni hiyo nikatia soksi nne ndani ya helmeti, mbili kila upande, na nikajiambia imetosha. Watu hutia pamba kwenye viatu miaka nenda miaka rudi, sijasikia kiatu kikilalamika.

Nyumbani nako mfumo wa mdogo wangu ulikuwa umeanza kazi. Pikipiki yetu hailali nje. Katika ploti yetu yenye wapangaji wengi, kitu kikilala nje, kinaamka kwingine. Inakaa sebuleni, kati ya kochi na meza ya televisheni. Mdogo wangu akaifungia alamu yenye sauti sita tofauti na rimoti mbili, na kuna kijiti cha kuongeza au kupunguza wepesi wake wa kushtuka. Alikizungusha hadi mwisho. "Hata inzi akitua, inaita," akasema kwa fahari.

Inzi akatua.

Baada ya hapo ikashtuka na lori la maji lililopita, na jirani wa juu aliyekuwa anatwanga njugu, na mimi nilipopiga chafya jikoni. Mwangalizi wa ploti, mama mmoja mpole mwenye funguo nyingi, akaja kugonga mlango.

"Hiyo pikipiki yenu inalia kama mtoto anayeachishwa kunyonya," akasema. "Kwani mnaichapa?"

Mdogo wangu akaahidi atapunguza. Juu ya hiyo alamu kulikuwa na mnyororo, mzito kama wa kufungia ng'ombe dume, uliopita kwenye gurudumu, ukapita kwenye mguu wa kochi, ukarudi kwenye kufuli. Na kwa kuwa mambo ya usalama yanapoanza hayajui kuishia, akapitisha mnyororo huo kwenye mkono wa koti la reflekta pia, lisiibwe.

Jumamosi ikafika. Kitindamimba alisafisha nyumba kama mtu anayefuta ushahidi. Kisha akaitazama pikipiki, akaona haina heshima ya kupokea mgeni, akatoa vitambaa vya kochi, vile vya kufuma kwa sindano ambavyo senje mwenyewe alimfumia mama yetu alipoolewa, akaifunika: kimoja juu ya tangi, kimoja kwenye kiti, viwili vidogo kwenye usukani. Ikapendeza. Ilikuwa kama mgeni mwingine aliyetangulia kufika.

Senje alipoingia, hakusalimu mtu. Kwetu mgeni wa namna yake haongei kabla ya maombi. Aliweka chini kuku wake wawili waliofungwa miguu, akasimama katikati ya sebule, akafumba macho. Mdogo wangu alikuwa ametumwa dukani kuleta maziwa, akiwa na rimoti moja mfukoni pamoja na ufunguo wa kufuli. Rimoti ya pili ilikuwa ndani ya mfuko wa koti la reflekta, upande wa ule mkono uliopitishiwa mnyororo, chini kabisa ya kochi.

Senje huomba kwa miguu. Anaanza polepole, lakini akifika kwenye majina ya watu anaanza kukanyaga. Alipotaja jina la baba yetu, akakanyaga mara moja, na chini ya vitambaa vya mama sauti ya kwanza ikaanza.

Hakufumbua macho. Akapaza sauti. Pikipiki nayo ikapaza. Akakanyaga kwa mguu wa pili, ikahamia sauti ya pili, ile ya gari la wagonjwa. Kuku wakaanza kupiga mabawa. Mimi nilikuwa nimelala kifudifudi, mkono wangu umeingia hadi begani chini ya kochi nikitafuta mfuko, na kitindamimba alikuwa amefumba macho kwa nguvu sana, mabega yakimtikisika, nikajua kwamba hayo si maombi.

"Toka!" senje akaiambia ile sauti. "Toka katika nyumba hii ya mayatima!"

Sauti ya tatu. Ya nne. Alikemea zote sita, moja baada ya nyingine, na alipofika kwenye "amina", kwa bahati alamu nayo ikawa imemaliza mzunguko wake. Kukawa kimya kabisa.

Senje akafumbua macho, akajipangusa jasho. "Imetoka," akasema.

Akaketi kwenye kochi, puu.

"Imerudi," kitindamimba akasema.

Ni hapo mdogo wangu alipoingia na paketi za maziwa, akatoa kitu kidogo mfukoni, akabonyeza, na nyumba ikanyamaza. Senje akamgeukia. "Wewe," akamuuliza, "hiyo nguvu umeipata kanisa gani?"

Tulikunywa chai. Senje alitambua vitambaa vyake lakini hakuvitolea neno, akavipapasa tu kwa kidole. Kisha akaweka kikombe chini.

"Haya, mama. Vaa nione."

Nikavaa. Koti, magoti, helmeti. Nikasimama katikati ya sebule kama mtu wa kupimwa nguo ya harusi. Senje akanizunguka. Akagonga goti moja kwa ukucha, likajibu. Akagonga la pili.

"Hizi ni nini?"

"Vikinga magoti, senje."

"Hii najua kuipikia," akasema. Akafika kichwani. Akaishika helmeti kwa mikono miwili, akaizungusha kidogo, nayo ikazunguka bila kunisumbua hata kidogo, robo duara, nusu duara. Soksi moja ikaanguka sakafuni. Halafu ya pili. Ya tatu ilikuwa na tundu.

"Mama," akaita kwenye giza langu. "Uko humo?"

"Niko, senje."

"Unaniona?"

"Naona soksi."

Hakucheka. Akaitoa helmeti kichwani mwangu, akaishika mapajani, na sauti yake sasa ilikuwa ya chini. "Umenivalia tangi la maji nione, halafu nirudi nyumbani nilale usingizi? Mtoto apange nguo."

Nilikuwa nimeahidi moyoni kwamba sitabishana na senje, kwa sababu kwetu senje habishiwi. Lakini mdomo ukafunguka. "Senje, pikipiki naweza kuiuza leo. Nitarudi kwa chapati, nitarudi kwa kufua, sijasahau. Lakini mtoto haondoki. Nilisema nikiwa na sketi ya shule, na sasa nasema nikiwa na masufuria."

"Apange nguo," senje akasema tena, lakini safari hii kama mtu anayetaka kuona jambo.

Kitindamimba akaenda, akarudi na begi, akaanza kupanga kwa mwendo wa mtu anayepanga nguo za mwaka mzima, sketi ya shule ikiwa juu. Senje akaichukua. Akauona upindo. Akachomoa uzi mmoja, akakunjua, akakunjua tena, na sketi ikaendelea kuteremka mpaka ikagusa sakafu. Akamtazama mdogo wangu, shati lake la chuo limekunjwa mikono mara tatu. Akatazama chini, viatu vyangu vya kazi mlangoni, pamba imechungulia.

"Hivi vyote ni vya nani?" akauliza.

"Ni vyetu," nikasema. "Vya kukua navyo."

"Na hii?" Akainua helmeti.

"Nayo."

"Mama, una miaka mingapi?"

"Ishirini na sita."

"Unangoja kukua wapi tena?"

Akaniuliza, polepole, kitu cha mwisho kunitosha kilikuwa nini. Ilibidi nifikiri kweli, kwa sababu lilikuwa swali ambalo mtu hajawahi kuniuliza. Nikasema ni ile sketi ya kidato cha pili. Mama alikuwa ameishona mwenyewe, akanipima nikiwa nimesimama juu ya stuli.

Senje akaiweka sketi kando. Kisha, nadhani kwa kutotaka tumwone uso, akaichukua helmeti akaivaa, juu ya kitambaa chake cha kichwa, ambacho huwa anakifunga mafundo mawili makubwa kama mikate. Ikaingia, ikakaa. Akatikisa kichwa kushoto, kulia. Helmeti ikaenda na kichwa.

Sote watatu tulimtazama.

"Twendeni dukani," akasema akiwa ndani.

Sikukubaliwa kuwasha pikipiki bila helmeti ya kunitosha, kwa hivyo tulikwenda kwa miguu. Yaani: mbele senje, ameshika mkoba wake, amevaa gauni la kanisa na helmeti ya bluu iliyofungwa kamba chini ya kidevu, kwa sababu alisema kuivua kunaharibu kitambaa, nyuma yake sisi watatu. Tulipita steji. Wenzangu walisimama mmoja mmoja. Hakuna aliyesema lolote kuhusu mwezi.

"Shikamoo, mama," wakasema.

"Marahaba. Zenu ziko wapi?" senje akauliza, na helmeti kama saba zikapanda kutoka viwikoni hadi vichwani kwa pamoja.

Mwenye duka alipomwona kwa mbali akasimama. "Huyo ndiye!" akasema. "Nilijua mwenye helmeti hiyo yuko mahali!" Alipoelezwa, hakunisimanga hata kidogo. Akashusha ile nyeusi ya siku ile ya kwanza, akanivalisha. Ilinibana mashavu mpaka nikafanana na samaki anayetaka kusema jambo. Nikadhani ni ndogo. Mzee akasema la, ndivyo inavyotakiwa kushika. Nikatikisa kichwa kushoto, nikaona kushoto. Nikatikisa kulia, nikaona kulia, na mzee, na madebe yenye masharubu, na kitindamimba akinitazama.

"Sista, unalia?"

"Ni mashavu," nikasema. "Yamebanwa."

Senje akaamuru kitindamimba naye apimwe, pamoja na rasta zake, kisha akafungua fundo la leso anamofichia pesa na kuniambia nitazame kando. Kuhusu magoti alisema tutakuja kuchukua ya kawaida yakifika, yote mawili, la kushoto na la kulia. Yale ya fundi wa masufuria aliyachukua yeye. Sasa yanapimia mahindi ya kuku.

Kuhusu kitanda alichotandika, hakutamka kwamba amebadili nia. Tulipofika nyumbani alimwambia kitindamimba tu, "Hizo nguo kwa nini bado ziko kwenye begi? Zitakunjamana." Kitindamimba akazirudisha kabatini kwa kasi ambayo sijaiona tena tangu siku hiyo.

Asubuhi nilimpeleka senje kupanda basi la nyumbani. Alikaa nyuma yangu kwa helmeti yake ya bluu, amenishika kiunoni, na kwenye kila tuta alisema "mama!" Matuta yote niliyapita nikiona. Aliondoka na alamu pia. Mdogo wangu alimfundisha rimoti mara nne, na sasa imefungwa kwenye mlango wa banda la bata mzinga. Senje anasema yule ndege amekuwa mnyenyekevu sana. Akikanyaga kwa kiburi tu, anakemewa kwa sauti sita.

Helmeti ya bluu alituachia, lakini ni yake. Imetundikwa kwenye msumari nyuma ya mlango, na hairuhusiwi kuguswa na kichwa kingine. Huja kila likizo kuivaa, ananikagua mimi na ile nyeusi, anatikisa kichwa changu kwa mikono miwili, halafu tunakunywa chai.

Muhula uliofuata nilijaribu kumnunulia kitindamimba sketi ya saizi yake kamili, nikajivuna sana. Ilimtosha hadi katikati ya muhula, kisha mwalimu akamrudisha nyumbani kwa kuwa imekuwa fupi. Kwa hivyo sketi bado nanunua kubwa. Vichwa ndivyo navinunulia saizi.